Bomba Lililogonga Alfajiri

Nikiingia kwenye jengo lolote la umma, iwe hospitali, chuo au ofisi ya wilaya, kitu cha kwanza ninachouliza ni choo kiko wapi. Watu hunionea huruma. Mama wa makamo, safari ndefu, labda kisukari. Ukweli ni kwamba sina haja yoyote. Nataka kufungua bomba, kulifunga ghafla, halafu kuweka sikio ukutani. Nimewahi kufanya hivyo hata msibani, kwenye ukumbi wa parokia kule Ushirombo, na shemeji yangu akabisha mlango akiuliza kama nimeanguka.

Kazi yangu ni ukandarasi wa mitambo ya majengo. Maneno hayo ni makubwa kuliko kazi yenyewe. Huku kwetu, kati ya Shinyanga na Geita, ukitaja mitambo watu wanadhani unachimba dhahabu. Nikipita upande wa Bulyanhulu na gari lililobeba mabomba, vijana wa bodaboda huniuliza nimepata mwamba wapi. Mimi naingiza maji shuleni, natoa maji machafu kwenye vituo vya afya, najenga majiko ya kupikia watoto wengi kwa mara moja. Nilikaa chuo kikuu miaka minne ili nijue kwa nini maji hushuka. Yaliyobaki nilifundishwa na bibi mmoja mpishi, na ada akalipa yeye.

Ilikuwa shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni, pembeni ya barabara inayotoka Kahama kwenda machimboni. Jina lake nitaliacha. Tulipewa kazi ya maji na jiko jipya. Nyuma ya shule kuna mawe makubwa yaliyopandana, na juu yake ndipo tulipoweka tangi, maji yakawa yanashuka yenyewe hadi jikoni kwa kasi ambayo sikuwa nimeipata kwenye kazi nyingine yoyote. Nilijivunia sana lile tangi. Nilipiga picha nyingi. Bomba la kwenda jikoni tulilipitisha kwenye ukuta wa bweni, nyuma ya vichwa vya vitanda, kwa sababu njia hiyo ilikuwa fupi.

Mpishi wa shule alikuwa bibi wa Kisukuma kutoka kijiji cha jirani, mjane, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi na macho mekundu. Macho yale hayakuwa na siri. Tangu akiwa msichana alikuwa amepikia kuni mbichi na samadi ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mtu yeyote akikaa kwenye moshi umri wote huo atatoka hivyo. Lakini huku kwetu bibi mwenye macho mekundu hupewa maelezo mengine, ya uchawi, na maelezo hayo yamewahi kufikishwa kwenye milango ya watu kwa mapanga. Kila mtu anajua. Wanaojua zaidi hawalizungumzii.

Siku ya kwanza alinikuta nimesimama na michoro mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha wagombea wa kura.

"Mwangaluka." Kisha akahamia Kiswahili, kwa huruma. "Injinia yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Na yule mwanamume?"

"Yule ni fundi bomba wangu."

"Haya. Basi niambie wewe, kabla sijamuuliza yeye. Hili jiko lenu litanitoa kwenye moshi?"

"Litakutoa, mayu. Utapika umevaa nguo nyeupe."

Fundi wangu alicheka. Bibi hakucheka. Alilichukua neno langu akaenda nalo, na siku ya uzinduzi akaja amevaa kitenge cheupe ambacho nadhani alikinunua kwa ajili hiyo.

Nilimpenda, na kwa kumpenda nikaharibu mambo mawili.

La kwanza ni koki ya jikoni. Mchoro ulitaka koki ya kuzungusha, ile ambayo mtu huizungusha mara nyingi mpaka maji yakatike. Nikavitazama vidole vyake nikabadilisha. Nikaweka ile yenye mkono mrefu, ukiusukuma kidogo maji yanatoka, ukiurudisha yanakatika papo hapo. Angeweza kuifunga hata kwa kiwiko. Fundi akasema, "Bosi, mchoro unasema nyingine." Nikamjibu kwamba mchoro nimeuchora mimi.

Sasa, maji yanayoteremka kwa kasi kutoka juu ya mawe, ukiyasimamisha ghafla, yanarudi nyuma na kulipiga bomba kama nyundo. Dawa yake inajulikana. Unasimamisha karibu na koki kipande cha bomba kilichozibwa juu, chenye hewa ndani, ili pigo likaishie humo. Kwa koki ya kuzungusha unaweza kukiacha. Mimi nilibadilisha koki, sikubadilisha kingine. Ni somo la mwaka wa pili. Nilipata B.

La pili ni bomba la moshi. Lilitakiwa lipande mpaka lipite juu ya mgongo wa paa. Kipande chake cha mwisho kilibondeka kwenye lori, kipya kikachelewa, na siku ya uzinduzi ilikuwa mlangoni. Tukasimamisha kilichokuwepo. "Nitarudi na kile kingine," nilisema. Katika kazi yetu maneno hayo husemwa kwa heshima kubwa na kila mtu hutikisa kichwa. Kipande kilipofika nilikiweka uani kwangu, Shinyanga mjini, na kuku wakaanza kutaga ndani yake. Huko shuleni, upepo ukitoka upande wa paa, moshi ulishuka tena jikoni, ukamkuta bibi yuleyule mahali palepale.

Muda si mrefu mkuu wa shule akanipigia. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwalimu wa hesabu, asiyepoteza maneno.

"Injinia, mabomba huwa yanalia?"

"Yanalia vipi, madam?"

"Njoo usikie."

Nilikwenda na fundi wangu. Nilikuta wasichana wamehamisha vitanda vyote katikati ya bweni, mbali na ukuta, vimebanana kama mbuzi kwenye mvua. Walisema kila alfajiri kuna mtu anagonga ukutani. Anagonga mara moja kwa nguvu, halafu mapigo madogo yanafuata yakienda mbali, kama mtu anayeondoka. Waliokuwa wepesi walishaanza kupiga kelele na kuanguka. Wazazi wawili walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao. Kikundi cha maombi kilikuwa kimekuja mara mbili, na kugonga kukaendelea.

Tukalala nyumba ya wageni. Saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimesimama nje ya bweni na koti juu ya nguo ya kulalia, nikasikia. Nimesoma kuhusu sauti ile kwenye vitabu na nimeisikia kwenye majengo mengine, lakini sikuwahi kuisikia ikipita nyuma ya vichwa vya watoto waliolala. Ukuta ulipiga. Kisha ikaondoka, tong, tong, tong, kuelekea mlimani kwenye tangi langu. Nywele zilinisimama, na mimi ndiye niliyeweka lile bomba.

Asubuhi msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliingia ofisini na daftari.

"Madam, mimi nimekuwa nikiandika."

Alikuwa amechora mistari kwa rula. Siku, saa, idadi ya mapigo, na safu ya mwisho, aliyekuwepo jikoni. Kila siku yenye mapigo, bibi alikuwepo jikoni akijaza sufuria la uji. Siku mbili ambazo bibi aliumwa, hakuna kilichogonga. Msaidizi wake alikuwa anaiogopa ile koki mpya na alichota maji kwa ndoo kwenye bomba la nje.

Nililishika lile daftari muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Mtoto alikuwa amefanya kila kitu nilichofundishwa chuo kikuu na ambacho mimi sikukifanya. Alikuwa ameona sawasawa. Bibi ndiye aliyekuwa akigonga. Aligonga kwa kiwiko chake, kwa koki niliyompa mimi kwa sababu ya vidole vyake, na hakujua.

"Unaonaje, injinia?" mkuu wa shule aliuliza.

Hapo ndipo mahali pangu. Nikiambiwa nichague dakika moja ya maisha yangu nirudie, sichagui harusi, nachagua hiyo. Ilitosha kusema: ni kosa langu. Maneno matatu. Lakini kulikuwa na shule nyingine zilizokuwa zinasubiri kuiona kazi hii kabla ya kuniita, na mbele yangu alikaa mwalimu wa hesabu, na mlangoni alisimama mtoto mwenye rula.

"Nitaliangalia," nilisema.

Mkuu wa shule alinieleza kwamba wazazi walishaanza kumtaja bibi, na kwamba Ijumaa ile anamrudisha nyumbani apumzike wiki moja, kwa usalama wake. Nikaona ni nafuu. Jiko litakuwa tupu, nitafanya kazi bila kuulizwa maswali. Jumapili, wasichana wakiwa misani, mimi na fundi tukasimamisha kile kipande cha hewa, tukatoa koki ya mkono tukaweka ya kuzungusha, tukalikaza bomba ukutani kila lilipolegea.

"Tuwaambie?" fundi aliuliza akipangusa mikono.

"Tuwaambie nini? Likinyamaza, limenyamaza. Na bibi atapona."

"Mimi ningewaambia."

"Wewe hukusoma," nilimtania.

"Ndiyo maana," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiimba ndani ya gari. Niliamini kabisa kwamba nimemwokoa.

Bomba lilinyamaza. Jumatatu, Jumanne, wiki nzima. Yule msichana akaandika kwenye daftari lake, siku baada ya siku, mapigo hakuna, na kwenye safu ya mwisho, bibi hayupo. Kijiji kizima kingeweza kusoma hesabu hiyo. Bibi ameondoka, kitu kimenyamaza.

Nilikuwa Songwa, juu ya paa la zahanati, fundi aliponipigia. "Bosi, yule bibi ametengwa."

Kama hujaishi Usukumani neno hilo linaweza kukupita. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanakaa, wanakubaliana, na kuanzia siku hiyo hakuna anayekusalimia. Hupewi chumvi wala kijinga cha moto. Kisimani wenzako wanasubiri uondoke ndipo wachote. Ukiumwa, umeumwa peke yako. Anayevunja agizo anatengwa na yeye. Bibi alivumilia siku kadhaa. Halafu asubuhi moja akafungua mlango akakuta panga limelazwa kizingitini, limenolewa, safi kabisa. Binti yake akaja siku ileile na kumchukua kwenda Nyasubi, Kahama mjini.

Niliteremka paani nikaenda shuleni bila hata kunawa. Mkuu wa shule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza ukiwa umekaa kwenye kiti hichohicho."

Akainuka, akafunga ofisi. Akanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mcheshi mwenye kofia ya pama. Nilimchorea bomba mchangani kwa kijiti, nikamweleza habari ya maji na kasi na hewa. Alinisikiliza kwa adabu zote.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimetengeneza baiskeli maisha yangu yote. Vyuma navijua. Chuma hakijui nani ameondoka."

"Nilikitengeneza akiwa ameondoka."

"Kwa nini hukusubiri arudi?"

Nimewahi kutetea mradi mbele ya maprofesa watano, na sikuulizwa swali zuri kama hilo.

Nyasubi nilimkuta bibi nyuma ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Nilipiga magoti kumsalimia. Aliitikia. Hakuniuliza habari za nyumbani.

"Bado inagonga?"

"Haigongi, mayu. Nimeitengeneza. Kosa lilikuwa langu, ile koki."

"Umeitengeneza lini?"

"Jumapili ile."

Akahesabu kwa vidole vyake vilivyopinda. "Mimi niliondoka Ijumaa."

"Ndiyo."

Aliendelea kuchambua. Kokoto iligonga kokoto kwenye kibakuli cha bati. Ndani redio ilikuwa inatangaza bei za pamba.

"Irudishe," akasema.

"Nini, mayu?"

"Hiyo sauti. Ng'wanawane, mwanangu, irudishe igonge mimi nikiwa huku. Wote wasikie, na wote wajue niko huku. Maneno yako hawatayasikia. Wanasikia ile."

Mkuu wa shule alikubali kwa masharti: iwe mchana, mlango wa bweni uwe wazi, wasichana wote waelezwe kwanza. Jumamosi hiyo tukaziba kile kipande cha hewa, tukarudisha koki ya mkono. Mwenyekiti alikuja na sungusungu watatu na wazee wawili. Wazazi walijaa uani. Nilimpigia simu binti wa bibi, nikaweka sauti ya juu, nikamkabidhi mwenyekiti.

"Mayu, uko wapi saa hizi?"

"Niko Nyasubi," sauti yake ilitoka nyembamba. "Nafua. Unataka na wewe nikufulie?"

Kicheko kikatoka mahali fulani, kikazimwa.

Msichana mwenye miwani ndiye aliyeomba kushika koki. Akafungua. Maji yakaporomoka ndani ya sufuria. Akafunga.

Ukuta ulipiga. Bweni zima likapiga yowe, mama mmoja akamkumbatia asiyekuwa mtoto wake. Sauti ikapita ukutani ikaondoka kuelekea kwenye mawe, tong, tong, tong, na watu wote wakageuza vichwa kuifuata. Akafanya tena. Safari hii yowe lilikuwa dogo. Mara ya nne walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja anataka agonge yeye, na mwenyekiti alikuwa amevua kofia na kubandika sikio ukutani, anatabasamu.

Msichana akafungua daftari, akaandika saa, idadi ya mapigo, na kwenye safu ya mwisho: mpishi yuko Nyasubi. Halafu akaniangalia kupitia ile miwani yake.

"Kumbe alikuwa ni wewe, injinia."

Watu walicheka sana. Nami nilicheka. Sungusungu mmoja, mwenye rungu, alinipiga begani akasema nitafutiwe mganga wa mabomba. Nikaahidi kuja na ng'ombe wa kumlipa huyo mganga. Kwa dakika chache tulikuwa kama watu wa sherehe moja.

Si wote walioridhika. Wale wazee wawili waliondoka mapema wakisema mchawi wa kweli siku hizi hahitaji kuwepo, ndiyo maana kuna simu. Lakini mwenyekiti alitangaza palepale kwamba kutengwa kumeondolewa na kwamba bibi arudi akitaka. Tukalirekebisha bomba kwa mara ya mwisho, mchana kweupe, watu wakitazama. Kisha nikatoa garini kile kipande cha bomba la moshi nilichokitoa kwa kuku wangu, tukakipandisha. Moshi ulisita kidogo, ukaenda juu. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa ni kazi ya nusu saa.

Jioni nilipita Nyasubi kumpa habari. Bibi alikuwa ukumbini, na kwa mara ya kwanza nilimwona usoni kwenye mwanga mzuri. Binti yake anapikia gesi. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuwa meupe. Nikashindwa kuyatazama.

"Waliogopa?" aliuliza.

"Mwanzoni. Halafu wakacheka. Wamesema mchawi ni mimi." Nilisema kwa mzaha, nikitaka acheke naye.

Hakucheka. "Wewe walikucheka," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu mkononi. "Mimi hawakunicheka."

"Mwenyekiti anasema urudi, mayu. Shamba lako lipo. Jiko halina moshi tena, bomba lake nimelipandisha mwenyewe."

"Nimeshukuru. Nilitaka wajue tu." Akakunja kanga yake. "Kurudi, nitarudi kwa nani? Wote nawajua nyuso zao walivyonipita kisimani. Nikiwaomba moto watanipa sasa. Hilo ndilo nisiloliweza, kuwaona wakinipa."

Akainuka kunitengenezea chai. Uani kulikuwa na bomba moja, lenye koki ya kawaida ya kuzungusha. Akakinga birika, likajaa. Kisha akaanza kuifunga. Aliizungusha kwa mikono miwili, kidogo, akatua, kidogo tena, polepole mno, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Maji yakawa uzi, yakawa matone, yakaisha. Hakuiachia. Alibaki ameishika, ameinamisha kichwa upande wa ukuta, anasikiliza.